Mwalimu Mchoraji Mbele ya Jopo la Usaili

Katika kila chuo cha ualimu hupatikana wanafunzi wachache ambao wenzao huwakimbilia yanapokaribia mazoezi ya kufundisha. Hao ndio wachorao ramani, chati za viungo vya mwili na kadi za herufi za bweni zima. Baadhi yao, baada ya miaka kadhaa darasani, huomba kazi ya usanifu wa michoro kwa wachapishaji wa vitabu vya shule, au katika taasisi zinazotayarisha vifaa vya kufundishia. Huitwa kwenye usaili, na wengi hurudi mikono mitupu. Katika makala haya tutajaribu kueleza kwa nini huwa hivyo, na ni matayarisho gani yampasayo mwalimu atakaye kusimama mbele ya jopo la aina hiyo. Hata yule asiyekusudia kuacha chaki atafaidika, kwani maswali ambayo jopo huuliza juu ya ukurasa wa kitabu ndiyo yafaayo kuulizwa juu ya kila zana inayotundikwa ukutani.

Yafaa kwanza tuondoe dhana moja potofu. Usanifu wa michoro si kuchora tu. Mchoraji hutengeneza picha; msanifu huamua picha, maandishi, rangi na nafasi tupu vikae vipi pamoja ili ujumbe umfikie aliyekusudiwa. Mfano ulio karibu nasi ni kanga. Kanga ina pindo, yaani pambo lizungukalo kingo zake zote nne. Ina mji, yaani sehemu ya kati. Na ina jina, yaani maneno. Pindo likizidi upana, mji husongwa. Jina likiwekwa ovyo, hupotea katika mikunjo nguo inapovaliwa. Aliyeipanga kanga nzuri amekwisha kuyapima hayo yote kabla ya kitambaa kupigwa chapa, na kama angeulizwa sababu za kila uamuzi angekuwa na jibu. Jopo la usaili hutafuta mtu wa namna hiyo.

Sisi wenyewe tulijifunza jambo hili kwa uchungu. Tulipoitwa kwa mara ya kwanza na mchapishaji mmoja, tulikwenda na michoro arobaini na miwili, tumeipanga kwa ukubwa, wanyama mbele na watu nyuma. Mjumbe mmoja wa jopo, mama wa makamo ambaye muda wote alikuwa akiandika, aliinua ukurasa wa hadithi tuliokuwa tukijivunia kuliko yote akauliza, "Mtoto wa darasa la pili akifungua hapa, jicho lake litaanzia wapi?" Tulijibu kwamba picha hiyo ilisifiwa sana na mwalimu mkuu wetu. Mama yule akauliza tena, kwa upole, maneno yaleyale. Tulinyamaza. Kazi alipewa kijana mwingine, ambaye michoro yake tuliiona kwenye benchi la kungojea na haikuwa mizuri kuliko yetu. Kwa miaka mingi tuliamini kwamba tumeonewa.

Hatukuonewa. Swali lile ni swali la mwalimu, nasi tulikuwa walimu. Ila tulipoingia chumbani mle tuliuvua ualimu wetu mlangoni kana kwamba ni koti. Hapa ndipo penye kiini cha shauri letu. Waombaji wengine watakuwa wamesomea sanaa, nao huenda wakaijua kompyuta kuliko mwalimu. Lakini ni wachache kati yao waliowahi kusimama mbele ya watoto sitini wenye vitabu kumi, wakaona jinsi mtoto aliye pembeni anavyosoma ukurasa kwa upande. Mwalimu anayajua hayo, na yampasa ayaseme.

Njia nyepesi ya kuyatayarisha ni kuitumia elimu ambayo mwalimu-mwanafunzi anayo tayari, nayo ni andalio la somo. Kila kazi inayotiwa katika mkoba wa kupelekwa kwenye usaili iandikiwe andalio lake katika karatasi moja: ilikusudiwa nani, alipaswa kuelewa au kutenda nini baada ya kuitazama, vilikuwapo vizuizi gani vya fedha, muda au vifaa, ni hatua gani zilifuatwa, na ilipotumika ilionekana kufaulu au kushindwa wapi. Kazi isiyoweza kuandikiwa karatasi hiyo iachwe nyumbani, hata kama ni nzuri namna gani. Kwa kipimo hicho michoro arobaini na miwili yaweza kubaki tisa, na tisa zatosha kabisa. Jopo huwa na waombaji wengi kwa siku moja, na kazi dhaifu iliyowekwa katikati ya nzuri huzishusha zote.

Pamoja na kazi iliyokamilika, zipelekwe rasimu zake mbili au tatu, hata zile zilizochorwa kwa penseli nyuma ya daftari la mahudhurio. Waombaji wengi huona haya kuzionyesha. Msanifu mashuhuri wa Marekani, Paul Rand, aliyesanifu nembo ya kampuni ya IBM mwaka 1956, aliombwa mwaka 1986 na Steve Jobs kutengeneza nembo ya kampuni mpya ya NeXT kwa malipo ya dola 100,000. Hakumpelekea nembo kadhaa achague. Alimpelekea moja tu, ikiwa ndani ya kitabu kidogo kilichoeleza hatua kwa hatua jinsi alivyoifikia. Mwalimu hataulizwa habari za dola laki moja, lakini utaratibu ni uleule: jopo likiona njia iliyopitiwa, litaweza kuamini kwamba mtu huyu ataweza kuipita tena.

Sasa tuchukue kazi moja tuione kwa undani, maana ushauri wa jumla haumfikishi mtu mbali. Tuseme mwalimu amechora chati ya maisha ya mbu kwa somo la sayansi: yai, lava, pupa na mbu kamili, vikiwa katika duara lenye mishale. Walimu wa afya husimuliana kisa cha wanakijiji walioonyeshwa picha kubwa ya mbu, wakashukuru kwamba kwao hakuna mbu wakubwa kiasi hicho. Kama kisa hicho kilitokea au ni masihara tu, hoja iliyomo ni ya kweli. Mtoto asiyezoea picha zilizokuzwa hajui kwamba imekuzwa mpaka aambiwe. Kwa hiyo mwalimu makini ataweka kando ya mbu mstari mfupi unaoonyesha urefu wake halisi, au atachora mbu mwingine mdogo akiwa juu ya ukucha wa kidole. Huo ni uamuzi wa kisanifu, nao una sababu.

Tena kuna mishale. Kwa mtu mzima mshale huonyesha mfuatano. Kwa mtoto waweza kuwa kitu kinachochoma. Na duara lenyewe, je, linaanzia wapi? Kama yai limewekwa chini kwa kuwa hapo ndipo palipobaki nafasi, mtoto aliyefundishwa kusoma kutoka juu kuanzia kushoto ataanza na pupa. Dawa yake ni ndogo: yai lipelekwe juu na namba ziandikwe 1 hadi 4. Vilevile kuna suala la umbali ndani ya picha. Mtafiti William Hudson, aliyefanya kazi Afrika Kusini, alichapisha mwaka 1960 matokeo ya majaribio yake ya picha yenye mwindaji, swala aliye karibu, na tembo mdogo aliyechorwa kati yao kuonyesha kwamba yuko mbali. Wengi kati ya wale ambao hawakuwa wamezoea picha za namna hiyo walijibu kwamba mkuki unaelekezwa kwa tembo. Watafiti waliofuata walimkosoa, wakisema kwamba michoro yenyewe ilikuwa mikavu mno na haikuwapa watazamaji dalili za kutosha. Nasi tunauona ukosoaji huo kuwa wa haki, maana mara nyingi anayelaumiwa kuwa hajui kusoma picha ni yule aliyechorewa vibaya. Lakini kwa vyovyote vile, picha hujaribiwa kwa watazamaji kabla ya kuaminiwa.

Hapa mwalimu ana utajiri ambao msanifu wa mjini hulazimika kuutafuta kwa gharama. Achukue rasimu yake darasani, awaite watoto watano mmoja mmoja, asiwaeleze chochote, aulize tu, "Unaona nini hapa? Ni kipi kinachotangulia? Kisha kinafuata nini?" Majibu ayaandike kama yalivyosemwa. Mwombaji atakayeliambia jopo, "Watoto watatu kati ya watano walianza na pupa, ndiyo sababu nikalihamisha yai," atakuwa amesema maneno mengi kuliko anayesifia rangi zake kwa nusu saa. Bila shaka asibuni majibu hayo. Wajumbe wengi wamefundisha, na hutambua upesi mtoto wa kutungwa.

Maandishi nayo yana mambo yake. Kitabu cha wanaoanza kusoma hutaka herufi ambazo "a" yake inafanana na ile watoto wanayofundishwa kuiandika kwa mkono, si ile yenye kikonyo juu. Hutaka pia aina ya chapa ambayo "l" ndogo, "I" kubwa na namba 1 hazichanganyiki. Halafu liko tatizo la lugha yetu, ambalo wengi hawalijui mpaka kitabu kimekwisha chapwa. Programu nyingi za kupangia kurasa, zisipoelekezwa vingine, hukata maneno mwishoni mwa mstari kwa kanuni za Kiingereza. Kiswahili hukatwa baada ya irabu: mwa-li-mu, ki-ta-bu, ng'o-mbe. Tumepata kuona kitabu cha darasa la kwanza ambamo "ng" ilibaki mwisho wa mstari na alama ya ritifaa ikaanza mstari uliofuata. Mtoto aisome vipi? Shauri letu kwa madarasa ya chini ni kutokata maneno hata kidogo, bali kuacha upande wa kulia ukiwa na mistari isiyolingana. Mwombaji anayelieleza jambo hilo bila kuulizwa hujipatia heshima mara moja.

Kuhusu kiwanda cha chapa, yatosha kujua machache lakini kwa hakika. Vitabu vya rangi huchapwa kwa wino wa aina nne, yaani samawati, majenta, njano na nyeusi, hali kioo cha kompyuta huchanganya mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu. Ndiyo maana rangi inayong'aa kwenye kioo huenda ikafifia kwenye karatasi. Picha ya kuchapwa huhitaji kwa kawaida nukta 300 kwa kila inchi, hivyo picha yenye upana wa sentimita 10 itataka nukta zipatazo 1,181 kwa upana huo. Picha iliyotumwa kwa simu aghalabu huwa imepunguzwa njiani na haitoshi. Rangi inayofika ukingoni mwa ukurasa huzidishwa kama milimita 3 nje ya mahali pa kukatia. Kurasa za kitabu hupangwa kwa mafungu, mara nyingi ya 16, kwa hiyo kurasa mbili zinazozidi fungu zaweza kumgharimu mchapishaji kuliko anavyodhani mwandishi.

Majopo mengi hutoa pia jaribio la vitendo, labda la saa mbili mbele ya kompyuta. Kosa la kawaida ni kuishika kipanya mara tu karatasi ya maswali inapofunguliwa. Dakika kumi na tano za mwanzo zitumike kusoma agizo na kupanga ukurasa kwa penseli, na kama agizo halisemi ukurasa ni wa watoto wa umri gani, mwombaji aulize. Kuuliza si dalili ya ujinga. Wakati mwingine agizo limeachwa pungufu kwa makusudi. Ukurasa mmoja uliokamilika ni bora kuliko mitatu isiyokwisha.

Jambo moja tulisemee kwa mkazo. Mkobani isiingie kazi ya mtu mwingine. Kama chati ilichorwa na watu wawili, isemwe nani alichora na nani alipanga maandishi. Kama picha ilitolewa kwenye mtandao, isemwe ilitoka wapi. Nchini Tanzania iko Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na mchapishaji anayeajiri msanifu mzembe katika jambo hili hujitafutia kesi. Tumewahi kukaa upande wa pili wa meza, na tumeona mwombaji hodari akiangushwa na twiga mmoja tu ambaye mjumbe wa jopo alikuwa amemwona kwingine.

Kinachobaki ni mazoezi, na chuo ndicho mahali pake. Kama mnavyofundishana wenyewe kwa wenyewe kwa dakika kumi kabla ya kwenda shule za mazoezi, kaeni watatu muwe jopo, na mmoja asimame na kazi zake. Jopo liulize: kwa nini rangi hii? Ungepewa nusu ya fedha ungeondoa nini? Mwandishi akikataa mchoro wako ungefanyaje? Kazi ipi kati ya hizi unaijutia? Swali hili la mwisho ndilo huwashinda wengi, kwani hudhani ni mtego. Yafaa mtu awe nayo kazi moja ya namna hiyo, aieleze kosa lake na aonyeshe ambavyo angeirekebisha leo.

Siku yenyewe ipelekwe nakala ya karatasi pamoja na ile iliyomo katika kompyuta, maana umeme hukatika bila kuangalia nani anasailiwa. Kazi bora kuliko zote iwe ya kwanza, na ile inayoifuatia kwa ubora iwe ya mwisho. Mwombaji aweke ukurasa mezani ukiwaelekea wajumbe, si ukimwelekea yeye, kisha awaache wautazame kidogo kabla ya kuanza kusema.