Doa jeusi chini ya mguu: jeni inasema nini, na nini haisemi

Juma hili tuzungumze juu ya ugonjwa ambao wengi wetu hatujausikia kwa jina lake, ingawa mtu mmoja aliyekufa nao tunamjua sote, na nyimbo zake zinapigwa mpaka kwenye ndoa zetu. Ni Bob Marley. Mwaka wa 1977 waganga wa hospitali walimkuta na kansere chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu wa kuume. Alishauriwa kidole kikatwe, akakataa. Wakaondoa ukucha na nyama iliyo chini yake tu. Mwezi wa nne 1980 aliimba Zimbabwe kwenye sikukuu ya uhuru. Mwezi wa tisa akaanguka New York akiwa anakimbia mazoezi, kumbe ugonjwa umekwisha kufika kichwani. Tarehe 11 mwezi wa tano 1981 akafa huko Miami, na miaka 36 tu.

Kuna wanaosema ni mpira uliomuua, kwa sababu kidole kile aliwahi kuumia akicheza. Ilikuwa melanoma, kansere ya zile seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Kwa wazungu jua ndilo linaloileta mara nyingi. Sisi weusi rangi yetu inatukinga, kwa hiyo kwetu ni ugonjwa wa nadra. Lakini ikitupata, inapenda mahali ambapo rangi ni kidogo na jua halifiki: unyayo, kiganja, chini ya kucha. Iko pia inayoota ndani ya kinywa, ndani ya pua, na katika sehemu za siri za mwanamke. (Watoto wetu wenye ualbino, jua linawaletea zaidi kansere za ngozi za aina nyingine. Hao wanastahili habari yao peke yao.)

Sasa tuje kwenye jeni. Kila seli ya mwili ina maandishi ndani yake yanayoiambia ifanye nini, na kila fungu la maandishi hayo ndilo jeni. Moja linaitwa KIT. Kazi yake kwa seli za rangi ni sawa na ya kengele ya shule: ikilia, seli zinaongezeka na kutembea kwenda mahali pake; ikinyamaza, zinatulia. Mtoto akiwa bado tumboni, kengele hiyo ndiyo inayosaidia seli za rangi kutoka upande wa mgongo na kuenea mwilini. Katika melanoma fulani kengele imekwama. Inalia mchana na usiku, na seli zinaongezeka bila mtu wa kuzisimamisha.

Mwaka wa 2002 wachunguzi huko Uingereza walikuta jeni nyingine, BRAF, imeharibika katika melanoma nyingi za wazungu, na baadaye zikapatikana dawa za kuizuia. Lakini kwenye melanoma ya unyayo, BRAF haionekani sana. Mwaka wa 2006 wachunguzi wa San Francisco, Marekani, wakaonyesha kwamba KIT ndiyo inayoharibika mara kwa mara kwenye nyayo, viganja, na ndani ya kinywa na sehemu za siri. Si kwa wagonjwa wote, ni kwa sehemu yao. Kwa hao imejaribiwa imatinibu, dawa ya vidonge iliyotengenezwa kwanza kwa kansere ya damu. Kuna ambao uvimbe wao ulipungua kweli. Ni wachache, na kwa wengi wao ugonjwa ulirudi.

Hapa nataka tusikilizane vizuri, maana ndipo nyumba zinapobomoka. Kusikia "jeni imeharibika" si kusikia "ugonjwa wa ukoo". Uharibifu huu wa KIT unatokea ndani ya uvimbe wenyewe, mtu akiwa amekwisha kuwa mkubwa. Mama hakuuleta kutoka kwao, wala watoto wake hawakuunyonya. Iko familia chache sana duniani zinazorithi jeni mbovu inayoleta melanoma, na huko utakuta ndugu kadhaa wameugua. Mke asirudishwe kwao kwa sababu ya kidonda cha mguu.

Na je, jeni inaweza kusema mgonjwa ataishi? Kwa melanoma ya ndani ya jicho, inayowapata zaidi wazungu, inasaidia sana: jeni BAP1 ikipotea kwenye uvimbe, waganga wanajua hatari ya ugonjwa kufika kwenye ini ni kubwa. Kwa unyayo sivyo. KIT inasema dawa gani inaweza kujaribiwa, haisemi siku. Kinachosema zaidi ni kitu cha kawaida kabisa: kina. Mwaka wa 1970 mganga wa Marekani, Alexander Breslow, alipima kwa milimita uvimbe umeshuka kiasi gani ndani ya ngozi. Mpaka leo waganga wanatumia kipimo hicho. Usiofika milimita 1, ukikatwa vizuri, zaidi ya wagonjwa tisa kwa kumi wanakuwa wazima baada ya miaka mitano. Ukipita milimita 4, hesabu inakuwa mbaya sana, hata huko kwenye mashine zote.

Kwa hiyo jioni, ukinawa miguu ya mashambani, geuza unyayo uutazame, na wa mama mkwe asiyeweza kuinama. Doa jeusi linalopanuka, lenye kingo zisizo sawa au rangi mbili tatu. Kidonda kinachotoa damu bure, au kisichopona miezi miwili imepita, hata kikiwa chekundu. Mistari myeusi kwenye kucha nyingi ni kawaida kwetu. Bali mstari mmoja kwenye ukucha mmoja, unaopanuka na kumwaga weusi kwenye ngozi ya pembeni, huo upelekwe kwa mganga. Usiuchome wala usiukate kwa wembe nyumbani, na pomada ya kuvu usiipake mwaka mzima.

Mganga atakata kipande kidogo kitazamwe kwa darubini. Uliza karatasi ya majibu imeandika milimita ngapi, na uitunze pamoja na kadi za watoto. Uliza pia kipande chenyewe kimewekwa wapi. Maabara inakigandisha ndani ya nta, na ndani ya nta kinadumu miaka mingi. Siku ikipatikana nafasi ya kupima KIT, hata kama ni mbali, nta hiyo ndiyo itakayosafiri, mgonjwa akabaki nyumbani kwake.