Chimbuko na Viongozi wa Mwanzo wa Umoja wa Marekani wa Uhuru wa Kiraia

Umoja wa Marekani wa Uhuru wa Kiraia, unaofahamika zaidi kwa kifupisho ACLU, uliundwa jijini New York mnamo Januari 1920. Hata hivyo, chimbuko lake halimo mahakamani bali katika harakati za kupinga vita, na huko ndiko lilikoanzia swali lililouandama kwa miaka mingi: je, chombo cha kutetea uhuru kinaweza kuwatetea wanaochukiwa na umma na papo hapo kubaki na masikilizano mema na serikali?

Marekani ilipoingia katika Vita vya Kwanza vya Dunia mnamo Aprili 1917, Bunge lilipitisha sheria ya kuandikisha vijana jeshini kwa lazima na, mwezi Juni, Sheria ya Ujasusi. Licha ya jina lake, sheria hii ya pili iliwanasa wasemaji kuliko majasusi. Eugene Debs, kiongozi wa wasoshalisti, alihukumiwa kifungo cha miaka 10 kwa hotuba moja aliyoitoa Canton, Ohio, mwaka 1918. Uhuru wa kusema ulikuwamo katika Katiba tangu mwaka 1791, lakini Mahakama ya Juu ilikuwa bado haijabatilisha sheria hata moja ya Bunge kwa kuukiuka.

Crystal Eastman, mwanasheria aliyejijengea jina kwa utafiti wake kuhusu ajali za wafanyakazi mjini Pittsburgh, alikuwa katibu mtendaji wa Umoja wa Marekani wa Kupinga Ujeshi. Ndani ya umoja huo, yeye na Roger Baldwin, mtaalamu wa ustawi wa jamii aliyetoka St. Louis, walianzisha ofisi ya kuwasaidia waliokataa kupigana kwa sababu za dhamiri. Viongozi wenzao, Lillian Wald na Paul Kellogg, walikuwa na wasiwasi. Waliona kuwa kazi hiyo ingevunja uhusiano na serikali ya Rais Wilson, ambayo bado walitumaini kuishawishi. Mvutano ukaishia katika kutengana, na mnamo Oktoba 1917 ofisi hiyo ikaanza kujitegemea.

Mwaka uliofuata Baldwin mwenyewe alikataa kuandikishwa jeshini, akahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja. Alipotoka aliijenga upya ofisi hiyo kuwa ACLU, akaiongoza hadi 1950. Pengine ndiyo sababu maandishi mengi humtaja yeye peke yake kuwa mwasisi; Eastman, aliyefariki mwaka 1928, hupewa sifa chache kuliko anazostahili. Mwenyekiti wa kwanza alikuwa Harry F. Ward, mchungaji wa Kimethodisti, na miongoni mwa wenzao walikuwamo Jane Addams, Helen Keller, James Weldon Johnson na Elizabeth Gurley Flynn, mpiganiaji wa haki za wafanyakazi.

Wasiwasi wa Wald na Kellogg ulirudi kwa sura nyingine mwaka 1940. Bodi ilipitisha azimio la kuwazuia wafuasi wa Ukomunisti na Ufashisti kushika uongozi. Ward alijiuzulu kwa kulipinga. Flynn, mwanachama wa Chama cha Kikomunisti, alikataa kuondoka kwa hiari. Mnamo Mei bodi ilimsikiliza. Kura zikalingana, na kura ya mwenyekiti, John Haynes Holmes, ndiyo iliyomfukuza. Uamuzi huo ulifutwa mwaka 1976, miaka 12 baada ya kifo chake.