WAYA WA KUTOKA NG'AMBO NA USALAMA WETU



Tangu mwaka 2005 Kenya inataka bidhaa za ng'ambo, waya wa chuma ukiwamo, zikaguliwe huko huko zinakotoka kabla ya kupakiwa melini. Wakaguzi walioteuliwa na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) wakiridhika, hutoa cheti. Mzigo ukifika Mombasa bila cheti huzuiwa, na mwenyewe huongezewa gharama.

Wengine hudhani hayo ni mambo ya tajiri na forodha. Sivyo. Waya hafifu ukikatika kwenye winchi, anayeumia si mwagizaji. Ni sisi tulio karibu na mzigo.

Tena cheti cha bandarini pekee hakitoshi. Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka kamba ya waya ya kunyanyulia mizigo ipimwe kabla ya kutumika kiwandani mara ya kwanza, cheti kitaje uzito inaoweza kubeba salama, kisha ichunguzwe kila miezi 6.

Basi wajumbe wetu waombe kuona vyeti vyote viwili. Tuulize kwa umoja. Anayeuliza peke yake huitwa mkorofi.