Fiston Mwanza Mujila: alikosa saksafoni, akaandika riwaya

MUSUMBA – Hapa Musumba, makao ya Mwant Yav katika wilaya ya Kapanga, jimbo la Lualaba, mpaka wa Angola hauko mbali. Kwa miaka mingi vijana wa Kongo wamekuwa wakivuka kwenda Lunda Norte kutafuta almasi. Wengi walirudi mikono mitupu, wakiwa na hadithi tu.

Hadithi za namna hiyo ndizo zinazojaa katika La Danse du Vilain, riwaya ambayo Fiston Mwanza Mujila aliitoa mwaka 2020. Inatembea kati ya Lubumbashi, wanakolala watoto wa barabarani, na Cafunfo, kwenye mashimo ya almasi ya Angola.

Mujila alizaliwa Lubumbashi mwaka 1981. Leo anaishi Graz, Austria. Katika mahojiano amesimulia kwamba utotoni alitamani kupiga saksafoni, lakini hakuipata. Akaamua kuandika, na maneno yakawa chombo chake cha muziki.

Jambo hilo linasikika katika namna yake ya kuandika. Sentensi zake ni ndefu, zinapanda na kushuka. Anapanga majina na vitu mstari kwa mstari, anarudia maneno yale yale kama kiitikio. Katika Tram 83, riwaya yake ya kwanza ya mwaka 2014, watu wawili hawamalizi mazungumzo yao: sauti za wanawake wa baa zinawakatiza kila mara, kisha mazungumzo yanaendelea. Aliyewahi kukaa katika nganda ya mji wa madini anaijua hali hiyo.

Mujila ni mshairi pia, na mara nyingi anasoma kazi zake jukwaani pamoja na wapiga muziki. Kwake, andiko ni kitu cha kusikika. Mwaka 2021 alitoa mashairi yenye jina la kasala, utenzi wa sifa wa Waluba, ambamo mtu anatajwa kwa majina yake na ya wazee wake. Watu wa Musumba hawahitaji kuelezwa sana: sifa na nasaba za wakubwa zilikaa mdomoni muda mrefu kabla ya kuandikwa katika daftari.

Tram 83 ilishinda tuzo ya Etisalat ya mwaka 2015, na tafsiri yake ya Kiingereza ikaingia katika orodha ndefu ya Man Booker International mwaka 2016. Lakini ndani ya kitabu chenyewe, Lucien, mwandishi maskini, anachekwa. Katika mji ule kila mtu anatafuta madini na pesa; nani ana haja na mtu wa kalamu?

Swali hilo ni letu pia hapa Lualaba. Shaba na kobalti zinatoka Kolwezi kwa malori, zinakwenda kupata thamani mbali. Hadithi za wachimbaji nazo zinasomwa zaidi kwa Kifaransa, Kiingereza na Kijerumani, na kitabu ni ghali kwa kijana wa Kapanga.

Hata hivyo, Mujila alianza na kukosa. Kijana aliyerudi kutoka Lunda Norte mikono mitupu ana sikio, ana lugha, na daftari halina bei ya saksafoni. Aandike kwa Kiswahili au kwa Kilunda, kisha awasomee wenzake kwa sauti. Wao watamwambia ni wapi wimbo unakwama.