Pombe Ilipopigwa Marufuku Nchi Nzima

Katika jumuiya zetu husikika mara nyingi kilio hiki: "Laiti serikali ingepiga pombe marufuku, nyumba zetu zingepona!" Ni kilio cha haki, hasa cha akina mama. Basi tuitazame nchi iliyojaribu jambo hilo, yaani Marekani.

Katika karne ya 19 ulevi uliharibu familia nyingi huko. Mshahara wa baba uliishia kilabuni, watoto wakalala njaa. Mwaka 1874 wanawake Wakristo waliunda umoja wa kupinga vileo, na mapambano yakaendelea miaka mingi. Hatimaye Katiba ilibadilishwa, na tangu tarehe 17 Januari 1920 ikawa ni kosa kutengeneza, kuuza au kusafirisha vileo. Kunywa kwenyewe hakukukatazwa. Divai ya Misa iliruhusiwa, na daktari aliweza kumwandikia mgonjwa wiski kama dawa, kiasi cha nusu lita hivi kwa siku 10.

Manufaa yalikuwepo. Unywaji ulipungua, hasa miaka ya kwanza. Vifo vya ugonjwa wa ini, ambavyo vilikwisha anza kushuka kabla ya sheria, vilibaki vichache kuliko zamani. Lakini kiu ya pombe haikufutwa kwa sheria. Magendo yalishamiri. Al Capone wa Chicago alitajirika kwa biashara hiyo, na alipohukumiwa mwaka 1931 kosa lililomfunga lilikuwa kukwepa kodi.

Sisi wauguzi tunaangalia zaidi kilichokuwa ndani ya chupa. Spiriti ya viwandani ilitiwa sumu kwa amri ya serikali, hasa methanoli, ili isinywewe. Wafanya magendo waliiba, wakajaribu kuisafisha, wakaiuza. Sumu haikutoka yote. Baada ya vifo vya Krismasi ya mwaka 1926 huko New York, Dakta Charles Norris, mchunguzi mkuu wa vifo wa jiji hilo, aliilaumu serikali hadharani. Waliokufa zaidi walikuwa maskini, kwani matajiri walinunua pombe safi. Mwaka 1930 maelfu ya watu walipooza miguu kwa kunywa dawa ya tangawizi yenye kileo kikali, ambayo watengenezaji waliitia kemikali ili kuwadanganya wakaguzi. Tarehe 5 Desemba 1933 marufuku hiyo ilifutwa.

Sumu ile haikuisha na sheria ile. Mwaka 2000 pombe yenye methanoli iliua watu zaidi ya 100 jijini Nairobi. Huwezi kuitambua kwa harufu wala kwa ladha, na kuichuja kwa kitambaa hakusaidii. Ikifika kwenye ini hugeuka kuwa tindikali inayoharibu mishipa ya macho. Mnywaji huweza kuonekana mlevi wa kawaida, akalala, na dalili zikaanza kesho yake: kichwa kuuma, tumbo kukata, kutapika, kuona ukungu, kupumua kwa nguvu.

Ukiziona dalili hizo, fanya haya:

1. Mpeleke hospitali mara moja, usiku huohuo. Usingoje "pombe imtoke".
2. Usimtapishe kwa nguvu. Akiwa amezimia, mlaze kwa ubavu.
3. Mweleze mganga alikunywa nini na lini. Chukua chupa yenyewe kama ipo.
4. Waiteni wenzake waliokunywa naye, hata wanaojisikia wazima.

Familia nyingi huficha kwa kuogopa polisi au aibu ya majirani. Ndugu, hospitalini tunauliza ili tupate kutibu. Dawa ya sumu hii ipo, lakini macho yaliyokwisha pofuka mara nyingi hayarudi.

Sheria ina kazi yake, na wazazi tuna yetu. Tuanze nyumbani: fedha ya chakula na ada itengwe kwanza, na mlevi asaidiwe mapema, kabla ini lake halijaharibika.