Jani la Aloe kwa Vipele vya Uso

Vipele vya uso si ugonjwa wa kuua mtu, lakini vinaumiza moyo. Kijana mwenye vipele vingi anainamisha kichwa akiingia kati ya watu. Binti anajificha nyuma ya wenzake wakati wa kupigwa picha. Tena kila mtu anampa shauri lake: huyu anasema, paka ndimu, yule anasema, paka dawa ya meno, mwingine anamwuzia kopo la mafuta sokoni. Baada ya miezi miwili uso umeharibika kuliko mbele. Kwa hiyo tunataka kusema nawe pole pole juu ya neno hili, na juu ya jani moja ambalo watu wengi wanaliuliza, ni jani la aloe.

VIPELE VINATOKA WAPI?

Ngozi yako ina vitundu vidogo sana. Ndani ya vitundu hivyo mnatoka mafuta kidogo ya kulainisha ngozi. Mtoto akianza kuwa mkubwa, mwili wake unatengeneza mafuta mengi zaidi. Mafuta yakichanganyika na ngozi iliyokufa, kitundu kinaziba. Vijidudu vinavyokaa katika ngozi vinaongezeka mle ndani, mahali panavimba, na usaha unatokea. Hicho ndicho kipele.

Basi usidanganyike. Vipele si alama ya dhambi ya siri. Si damu mbaya. Si jicho la jirani mwenye wivu. Wala si uchafu tu, maana mtu anayesugua uso wake mara tano kwa siku anaweza kuwa na vipele kuliko mwenzake, kwa kuwa anaichokoza ngozi. Mara nyingi sisi wenyewe tunavisaidia viongezeke. Tunapaka mafuta mazito usoni, ao mafuta ya nywele yanashuka kwenye paji la uso na kuziba vitundu.

JE, MIMEA INAFAA?

Katika 2 Wafalme sura ya 20 tunasoma kwamba Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu la Mfalme Hezekia, naye akapona. Hatudharau mimea. Lakini mmea si mwema kwa sababu umetoka shambani tu. Muhogo mchungu nao unatoka shambani, na asiyeuloweka vema anaweza kufa. Kila mmea una kazi yake na hatari yake.

Angalia ndimu. Maji ya ndimu yakikaa juu ya ngozi, na jua likaipiga, ngozi inaweza kuungua na kutoa malengelenge. Kisha doa jeusi linabaki kwa majuma mengi, hata miezi. Ulitaka kuondoa doa moja, sasa unayo kumi. Angalia tena utomvu wa papai bichi: unaweza kuchubua ngozi. Na mimea mingine yenye maziwa meupe, maziwa yake yakiingia jichoni yanaweza kuharibu macho.

NAMNA YA KUTAYARISHA ALOE

Aloe ni mmea wenye majani manene, yenye miiba midogo pembeni. Kwanza ujue kwamba ndiyo yenyewe. Ukikata jani, na maziwa meupe yakatoka, si aloe; liache, na unawe mikono.

1. Nawa mikono kwa sabuni. Kata jani moja la chini, lililokomaa.
2. Lisimamishe ndani ya kikombe kwa muda wa robo saa. Maji ya manjano, machungu sana, yatashuka. Hayo si dawa ya uso, maana yanachokoza ngozi. Wala usiyanywe, maana yanaharisha kwa nguvu, na kwa mama mwenye mimba ni hatari.
3. Osha jani kwa maji safi, toa ganda la nje kwa kisu safi. Ndani utaona kitu cheupe kinachoteleza, sawasawa na ute wa yai. Hicho ndicho tunachotaka. Karibu chote ni maji, kwa hiyo kinaoza upesi. Tumia cha leo leo, kinachobaki ukitupe.

JARIBU MKONONI KWANZA

Usianze usoni. Paka kidogo upande wa ndani wa mkono, karibu na kiwiko, asubuhi na jioni, mahali pale pale, kwa siku saba. Ngozi ikiwasha, ikivimba ao ikiwa nyekundu, acha: aloe si yako, hata kama ilimfaa dada yako. Ikikaa salama siku zote saba, unaweza kuendelea usoni.

Jioni osha uso kwa maji na sabuni isiyo kali, bila kusugua. Ukaushe kwa kitambaa safi ambacho ni chako peke yako. Paka aloe kidogo juu ya vipele. Usipake juu ya kidonda kilicho wazi. Tena usichanganye na ndimu, wala na dawa ya meno, wala na mafuta mengine. Mtu akijaribu vitu vitano kwa siku moja hawezi kujua ni kipi kilichomsaidia na kipi kilichomwumiza.

Kisha ngojea. Uso haubadiliki kwa usiku mmoja. Hesabu majuma sita mpaka manane. Katika siku hizo usikamue vipele kwa kucha, maana kukamua kunasukuma usaha ndani na kuacha kovu. Juu ya ngozi yetu nyeusi, doa la kipele linaweza kukaa miezi mingi hata baada ya kipele kupona. Doa hilo si ugonjwa mpya. Vaa kofia juani, na uvumilivu utafanya kazi yake.

TUSIISIFU ALOE KULIKO KAZI YAKE

Mwaka 2014 waganga wa Iran waliandika habari ya jaribio lao kwa watu 60 wenye vipele, kwa muda wa majuma manane. Wote walipakwa dawa ya hospitali iitwayo tretinoini, lakini nusu yao waliongezewa aloe. Wale walioongezewa aloe walipona vizuri zaidi. Basi unaona, aloe ilikuwa msaidizi wa dawa. Haikushika mahali pa dawa. Vipele vichache, aloe inaweza kuvituliza. Vipele vikubwa, vigumu, vyenye maumivu na kuacha makovu, vinataka dawa. Njoo mapema. Na mwenye mimba asitumie tretinoini.

JIHADHARI NA KOPO LA SOKONI

Picha ya karoti ao ya papai juu ya kopo si ushuhuda wa kilichomo ndani. Mafuta mengine ya kufanya ngozi nyeupe yana zebaki, na zebaki inaharibu figo. Mengine yana hidrokinoni, ambayo ikipakwa muda mrefu inaweza kuacha madoa meusi ya rangi ya buluu yasiyotoka. Mengine yana dawa kali ya klobetasoli, inayofanya ngozi kuwa nyembamba na kuleta vipele vipya. Mtu anafurahi juma la kwanza, analia mwaka wa pili. Ukiwa umekwisha kuyazoea, usione haya. Njoo na kopo lako mkononi, tulisome pamoja.

USINGOJE NYUMBANI

Kuna alama ambazo si za aloe hata kidogo.

Doa la rangi hafifu ao jekundu lisilosikia kuguswa wala kuchomwa, linaweza kuwa ukoma. Dawa zake zinatolewa bure, na ukizianza mapema mikono na miguu yako inaokoka.

Homa, na uvimbe wa shingo ao wa kinena, pamoja na vipele vya uso, vya viganja ao vya sehemu za siri: inaweza kuwa mpox. Ugonjwa huu ulijulikana kwa mtu mara ya kwanza hapa Kongo, mwaka 1970, kwa mtoto mchanga wa Basankusu. Mgonjwa asilale kitanda kimoja na wengine, wala asipakwe majani na mikono ya jamaa. Mlete upesi.

Uvimbe mwekundu wenye moto karibu na pua ao jicho, nao usiuguse. Njoo siku ile ile.

MAULIZO YA KUKUMBUKA

Kwa nini vipele vinatoka? Ni sehemu gani ya aloe tunayotupa? Tunaijaribu wapi kwanza, na kwa siku ngapi? Ni doa gani linalotupeleka hospitali leo?

Wewe uliyesoma, mweleze na mwenzako asiyejua kusoma. Hasa mtafute yule binti anayejificha nyuma ya wenzake, ukamwambie kwamba ugonjwa wake una jina, una sababu, tena una msaada.