Kitabu cha Fedha kwa Kipimo cha Hali

Vitabu vifundishavyo tadbiri ya fedha vimekuwa tele madukani na katika meza za kando ya njia, na mtu aliyetaabishwa na mfuko wake aghalabu hununua chenye jina kubwa kabla ya kuuliza kilitungwa kwa ajili ya nani. Kila mwandishi wa fani hiyo alikuwa na msomaji wake moyoni, mwenye pato la namna fulani, katika nchi na zama fulani. Na nasaha iliyomwokoa huyo yaweza kumtupa mwingine mbali na makusudio yake, kama abiria wa Pemba aliyepanda jahazi la Lamu kwa uzuri wa tanga lake.

Basi mnunuzi na aanze kwa kuisoma hali yake mwenyewe. Aandike daftarini, kwa mwezi mmoja, kila kiingiacho na kila kitokacho, na anadaiwa na nani, kiasi gani, kwa riba ipi. Akimaliza atajikuta katika moja ya daraja tatu: mwenye deni, asiye na deni wala akiba, au mwenye ziada.

Kuhusu mwenye deni, wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Mkopo wa shilingi 100,000 wenye riba ya 10 kwa 100 kila mwezi, ikiwa mdaiwa hulipa riba peke yake, humla shilingi 120,000 kwa mwaka, na deni likabaki vilevile. Mtu wa namna hiyo kusoma habari za hisa ni kujichelewesha. Kimfaacho ni kitabu kama The Total Money Makeover cha Dave Ramsey, kilichotoka mwaka 2003, kinachoagiza iwekwe kwanza akiba ndogo ya dharura, kisha madeni yalipwe kuanzia lililo dogo. Hesabu hutaka litangulie lenye riba kubwa, kwa kuwa ndilo ghali. Lakini Ramsey alizingatia kwamba mdaiwa akiona deni moja limefutika hupata moyo wa kulikabili la pili. Mwenye subira na afuate hesabu, na mwepesi wa kukata tamaa amfuate Ramsey.

Asiye na deni wala akiba atanufaika na The Richest Man in Babylon cha George S. Clason, hadithi ambazo tangu 1926 zilienezwa kwa vijitabu na mabenki na mashirika ya bima ya Marekani. Kanuni yake ni kuweka sehemu moja katika kumi ya pato kabla ya kutumia; na hata mdaiwa amepewa fungu humo, yaani sehemu moja akiba, mbili madeni, na saba maisha.

Mwenye ziada ndiye anayestahili kitabu kizito kama The Intelligent Investor cha Benjamin Graham, cha mwaka 1949, kinachobainisha tofauti ya mwekezaji anayepima thamani ya mali na mtu anayebahatisha bei.

Vitabu hivi vyote ni vya Marekani, na hesabu zake hufuata kodi na mafao ya uzeeni ya huko. Msomaji wa kwetu achukue kanuni, kisha aitafutie mahali pake katika chama cha akiba na mikopo, hatifungani za Serikali, au vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Mwislamu anayejiepusha na riba atachuja sura zinazosifu riba juu ya riba, atafute njia ya ubia wa faida na hasara. Na mvuvi au mkulima wa karafuu, ambaye pato lake huja kwa misimu, asijilaumu akishindwa na bajeti ya mshahara wa mwezi. Na ajumlishe pato la mwaka mzima, aligawe kwa 12, na fedha ya msimu mwema aifunge kwa ajili ya miezi ya ukame.

Kabla ya kulipia kitabu chochote, fungua sura moja ya katikati uisome kwa makini. Ikiwa humo hamna jambo unaloweza kulitenda kwa pato ulilo nalo leo, kirudishe mezani bila ya haya, hata kama kimesifiwa na dunia nzima. Maana fedha ya kukinunulia nayo ni sehemu ya akiba yako.